Kompyuta Iliyowachukia Wageni

Jumamosi jioni kompyuta ya Silasi ilizima tena, na safari hii Silasi hakutafuta fundi kwanza. Alitafuta mkosaji. Alimnyooshea kidole Kulwa, ambaye bado alikuwa ameshika kipanya, akasema mbele ya mama yake na mbele ya dada yake Hilda kwamba mtu anayeingia nyumba ya watu na kuharibu vyombo hawezi kupewa binti wa nyumba hiyo. Kulwa aliweka kipanya mezani taratibu, akaaga kwa adabu, akaenda kupanda gari la Bunda. Hilda aliingia chumbani akafunga mlango.

Maneno kama hayo hayarudishwi kirahisi. Washenga wa Kulwa, wazee wawili kutoka Nyamuswa, walikuwa wamepanga kufika hapo Nyasho kwa akina Hilda Jumapili inayofuata baada ya ibada. Baba wa nyumba alishatangulia mbele za haki, na Silasi ndiye aliyetegemewa kukaa na baba yake mdogo kuwapokea. Sasa Silasi alisema hatakaa. Na baba mdogo naye alisema kaka wa binti asipokaa, yeye hana mdomo wa kuongea na wageni.

Ndiyo maana Jumatatu asubuhi Dorkas Machage alifunga kibanda chake cha ufundi mtaa wa Mwisenge, akaweka bisibisi zake kwenye mkoba, akaja Nyasho.

Dorkas alikuwa sajenti mstaafu wa upelelezi. Alipostaafu, watu walitegemea afuge kuku. Yeye alijiandikisha masomo ya jioni ya ufundi wa kompyuta, akakaa dawati moja na vijana wanaolingana na wanawe, akauliza maswali mpaka mwalimu akawa anamaliza kipindi akiwa amelowa jasho. Sasa alitengeneza simu na kompyuta, lakini Musoma nzima bado ilimwita Afande. Naye, kusema kweli, aliendelea kufanya kazi kama afande. Kwake mashine iliyozima ilikuwa marehemu mpaka ithibitike vinginevyo, na kila aliyekuwa chumbani alikuwa shahidi au mshukiwa.

Marehemu huyu, kompyuta ya Silasi, Dorkas alikuwa anamjua. Wiki mbili nyuma alikuwa amemfungua, akakuta wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kama moshi kutoka majini, wamekauka na kujibana katikati ya mabati ya kipoozeo. Pesti inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa, ubongo wa mashine, ilikuwa imekauka kama udongo wa kichuguu. Alisafisha kila kitu, akapaka pesti mpya, akatangaza kwamba kesi imefungwa. Kumbe kesi ilikuwa imelala tu.

Alizunguka nyuma ya nyumba. Alikuwa ameimba kwaya moja na mama wa nyumba hii miaka mingi, na watu waliozoeana namna hiyo hawapiti mlango wa mbele. Uani vitambaa vya kufuma vilikuwa vimeanikwa kwenye kamba, vyeupe vyenye maua ya bluu, vya makochi, vya meza, vya televisheni. Kimoja kikubwa, chenye marinda chini na satini ndani, kilimgonga usoni. Dorkas aliinama, akapita chini yake.

"Hodi humu!"

"Pita, mama. Wewe si wa kupigaga hodi." Mama Matrida, mama wa nyumba, alikuwa ameketi kwenye kigoda akiparua magamba ya sato. "Umekuja kumwona mgonjwa?"

"Nimekuja kumwona marehemu. Bwana asifiwe."

"Amina. Huyo mwenye marehemu yuko ndani, amenuna. Tangu Jumamosi hata ugali anakula kwa hasira."

"Anaumaliza?"

"Anaumaliza."

"Basi atapona."

Silasi alikuwa sebuleni, ameketi mbele ya kompyuta yake kama mtu anayelinda msiba. Kasha la mashine lilikuwa juu ya meza, pembeni mwa kioo cha kutazamia. Upande mmoja wa kasha ulikuwa wa kioo kitupu, na ndani taa ndogo za rangi zilikuwa zikipokezana, nyekundu, bluu, kijani, juu ya feni na nyaya. Jioni vijana wa mtaa walijaa hapo kucheza mpira wa kwenye kompyuta, na Silasi alijulikana kuwa hapigwi kirahisi.

"Afande, usijisumbue," alisema. "Mharibifu anajulikana."

"Vizuri. Basi nitamaliza mapema. Kaa hapo, nijibu ninachokuuliza. Jumamosi mlianza kucheza saa ngapi?"

"Kulwa alipofika tu. Alikunywa soda, tukaanza."

"Kabla ya hapo mashine ilikuwa imezimwa?"

"Ilikuwa inawaka tangu asubuhi. Nilikuwa nafanya mazoezi."

"Ikazima asubuhi?"

"Haikuzima. Nakwambia, peke yangu haizimagi. Na vijana wa mtaa haizimagi. Akija yule tu."

"Kila akija?"

"Kila akija! Mara zote alizokuja kunywa soda humu ndani."

"Umemwona akigusa nini?"

Silasi alisogeza kiti. "Kuna siku alichomeka flashi. Nilikuwa nimeenda kununua vocha, nikarudi nikamkuta anaichomoa. Nikamuuliza nini hiyo, akasema si kitu. Mtu mzima anachomeka si-kitu?"

Dorkas aliiweka hiyo kichwani. "Ilipozima, uliiwasha tena?"

"Ilikataa. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma. Baadaye mama alipomaliza kuondoa vyombo, ndiyo ikawaka kama hakuna kilichotokea."

"Uligusa kasha? Lilikuwa la moto?"

"Nilikuwa na hasira, Afande. Nani anagusa makasha akiwa na hasira?"

"Swali la mwisho. Ilipozima, nani alikuwa anaongoza?"

Silasi alitazama dirishani. "Hilo linahusiana nini na ufundi?"

"Nimekuuliza."

"Mchezo ulikuwa bado haujaisha."

Kutoka jikoni sauti ya Hilda ikapaa: "Nne bila! Kulwa nne, huyo bila!"

"Wewe nyamaza!"

"Na wiki ile nyingine ilikuwa tatu bila!"

Dorkas aliinamisha kichwa kutazama chini ya meza. Kwenye kazi yake ya zamani, alipokuwa hajui aanzie wapi, alianzia kwa mtu aliyefaidika. Na hapa mtu aliyefaidika alikuwa ndiye mlalamikaji. Kompyuta ikizima, hakuna mshindi.

"Silasi mwanangu. Waya wa umeme unapita wapi?"

"Nyuma ya meza."

"Mguu wako ukiwa umekaa unafika hapo?"

Silasi alielewa, akasimama wima. "Afande! Mimi nijizimie mashine yangu mwenyewe?"

"Sijasema. Nimeuliza urefu wa mguu."

Alichuchumaa, akapima. Mguu haukufika, hata Silasi alipojinyoosha mpaka akateleza kitini na Hilda akacheka jikoni. Tena umeme ukikatwa ghafla, mashine huwaka mara ile ile ukirudishwa. Hii ilikataa mpaka ipumzike. Prosesa ikizidiwa na joto hujizima yenyewe isiungue, kama mtu anavyozimia juani, na haiamki mpaka ipoe. Dorkas alimfuta mlalamikaji kwenye orodha ya washukiwa, akaja kwenye mwili wa marehemu.

Alifumba macho, akanong'ona sala fupi, kama alivyofanya kabla ya kufungua kitu chochote cha mtu. Kisha akafungua kasha. Feni zote zilizunguka. Mabati ya kipoozeo yalikuwa safi, pesti iko mahali pake, mfumo wa umeme hauna harufu. Akafunga. Akaweka programu ndogo inayosoma joto la prosesa na kulionyesha pembeni mwa kioo: tarakimu za kijani kukiwa salama, za njano kukiwa na wasiwasi, nyekundu kukiwa na hatari. Akamwambia Silasi acheze, na asiache mpaka aambiwe.

Silasi alicheza mpaka sato akaiva. Tarakimu zilibaki kijani.

"Unaona?" alisema Silasi. "Yule hayupo."

Mama Matrida alimtengea Dorkas chakula jikoni, kwenye meza ya plastiki, na Hilda akaja kukaa naye. Macho ya binti yalikuwa mekundu lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Mama Machage, kaka yangu anasema inazimaga akija Kulwa tu. Amekuambia na ya Butiama?"

Dorkas aliacha kutafuna. "Butiama kuna nini?"

"Tuliibeba kwenda kwa shangazi Bhoke, kwenye ibada ya shukrani ya nyumba yake mpya. Kaka alitaka kujionyesha kwa watu. Ikazima huko huko. Na Kulwa alikuwa Bunda kazini kwake, wala hajawahi kufika kwa shangazi."

"Kwa nini Silasi hakuniambia?"

"Kwa sababu haimsaidii," alisema Hilda, akamwongezea mchuzi.

*

Jumatano Dorkas aliomba kukabidhiwa marehemu. Alimfunga kwenye shuka, akaenda naye Bunda.

Duka la Kulwa lilikuwa karibu na stendi, la kutoa kopi na kuchapa kadi za harusi. Lilikuwa na bati bila dari, na joto lake lilimfanya Dorkas ajute kuvaa sweta. Kulwa alikuwa kijana mrefu, mpole, mtoto wa wakulima wa pamba wa Nyamuswa, na alipoona kasha linafunguliwa kutoka kwenye shuka alirudi nyuma hatua moja.

"Afande, umekuja kunikamata na kidhibiti chako?"

"Inategemea. Ni wewe uliyemuua?"

"Mimi nikiambiwa nichinje kuku, naita jirani."

"Flashi uliyochomeka Nyasho ilikuwa na nini?"

Kulwa alitazama mlangoni. Mteja aliyekuwa akisubiri kopi za cheti alisogea karibu ili asikie vizuri. Dorkas alimpa jicho la kazini, na yule mteja akakumbuka kwamba ana shughuli nje.

"Afande, hilo ni la aibu kidogo."

"Mimi nimesikia ya aibu kubwa. Sema."

"Picha za Hilda. Za mahafali. Silasi ndiye aliyezipiga, ziko kwenye kompyuta yake. Niliona aibu kumwomba kaka mtu picha za dada yake, nikazinakili mwenyewe." Alivuta droo, akatoa flashi, akaiweka mezani kama mtu anayesalimisha silaha. "Angalia mwenyewe."

Dorkas aliangalia. Hilda katika joho, Hilda akicheka, Hilda na kofia imemwangukia machoni. Hakukuwa na kirusi wala kitu kingine. Akairudisha.

"Weka mahali pazuri. Sasa kaa hapa, cheza."

"Nicheze? Hapa? Ikizima Silasi atasema..."

"Ndiyo maana nimekuja. Cheza kama unavyochezaga Nyasho. Na usimwonee huruma marehemu."

Kulwa alicheza. Jua lilipanda juu ya bati, duka likawa kama tanuri la mkate. Mashine ya kopi ilikuwa ikipuliza hewa ya moto pembeni. Tarakimu zilipanda kidogo, zikagusa njano, zikarudi kijani na kubaki hapo. Wateja walikuja na kuondoka, wengine wakakaa kushangilia. Mwishowe Kulwa aliinua mikono.

"Vidole vimekufa ganzi, Afande. Yenyewe bado nzima."

Dorkas alimfunga tena marehemu kwenye shuka. Mshukiwa alikuwepo, marehemu alikuwepo, joto lilikuwepo kuliko hata Musoma, na kifo hakikutokea. Kama mkosi ulikuwa wa Kulwa, ungemfuata mpaka dukani kwake.

Wakati wa kurudi hakwenda Musoma moja kwa moja. Alipitia Butiama.

Bhoke, shangazi yao, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na alikuwa shahidi wa aina ambayo kila mpelelezi huomba kwa Mungu: aliona kila kitu na hakuchoka kukisimulia.

"Kumbuka vizuri, mama. Ilizima nani akiwa ameikalia?"

"Mchungaji."

"Mchungaji anachezaga gemu?"

"Ulikuwa ule mchezo wa magari. Silasi alimwonyesha tu, mchungaji akasema hebu nijaribu. We! Alishika ile kitu akasahau hata kubariki chakula. Alikuwa ameshagonga nguzo, ameshagonga duka la watu, mama mchungaji anamwambia baba shuka, baba shuka, naye anasema ngoja nimalize kona hii. Ndiyo ikazima. Tukasema ni Mungu ameingilia kati."

Dorkas alijitahidi kutocheka, akashindwa. "Kabla ya hapo? Asubuhi?"

"Asubuhi watoto waliichezea mpaka tukawafukuza. Haikuzima."

"Ilikuwa chumba kile kile?"

"Kile kile, meza ile ile. Tulipomaliza kufagia na kupanga tu, wageni wakaingia." Bhoke aliinua mabega. "Labda hiyo mashine haipendi wageni."

Alisema kwa mzaha, lakini Dorkas alibaki na kikombe cha chai hewani.

"Rudia hapo."

"Haipendi wageni?"

"Nani alipanga chumba?"

"Mama Matrida. Nani mwingine? Yule huwa anakujaga na mzigo wake kabisa. Akipanga chumba yeye, hata kiti kibovu kinapendeza."

*

Jumamosi mchana Dorkas alimkuta Kulwa stendi ya Musoma kama walivyokubaliana. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa gauni la kitenge la kwenda kanisani, viatu vya kisigino, na mkoba wa mkononi. Kompyuta ilikuwa imesharudi Nyasho tangu jana yake.

Walipofika, Kulwa alisimama mbele ya nyumba, na kwa mazoea Dorkas akaanza kuzunguka kwenda nyuma. Hatua chache tu, akasimama. Akajicheka. Akarudi mpaka mlango wa mbele, akagonga.

"Hodi hapa!"

Mama Matrida alifungua. Alimwangalia kutoka viatu mpaka kilemba. "Mama Machage? Mbona huku? Jikoni umekuta pamefungwa?"

"Leo mimi ni mgeni. Nimekuja na mgeni mwenzangu. Tupokee kama wageni."

"Una mambo wewe!"

"Nina mambo ya kikazi. Silasi amekubali wacheze mara moja, nikiwa hapo. Tafadhali, mama. Usibadilishe kitu. Fanya unavyofanyaga."

"Basi subirini hapo barazani kidogo, niweke ndani sawa."

Walisubiri. Ndani zilisikika nyayo za haraka, kabati likifunguliwa, Hilda akiitwa, makochi yakipigwapigwa. Dorkas aliketi wima, mkoba magotini. Kwa miaka yote aliyoingia nyumba hii, hakuwahi kusubirishwa nje, na kwa hiyo hakuwahi kujua kwamba kuna kitu kinafanyika humo kabla ya mgeni kuingia.

"Karibuni sasa!"

Sebule ilikuwa imevaa. Jumatatu makochi yalikuwa matupu. Leo kila mgongo wa kochi na kila mkono ulikuwa na kitambaa cheupe cha maua ya bluu. Meza ilikuwa nacho, televisheni nayo, redio nayo, jagi la maji lilivaa kofia yake yenye shanga. Na pale kwenye meza ya kompyuta, pembeni mwa kioo, kasha lilikuwa limevalishwa gauni. Lilishonwa kwa kipimo chake hasa, uzi mzito nje, satini ndani, limeteremka pande zote mpaka mezani, na marinda chini. Nyaya tu ndizo zilizochungulia kwa nyuma.

Dorkas alilijua lile gauni. Lilikuwa limemgonga usoni.

Aliketi, akapokea soda kwa mikono miwili, akashukuru kama mgeni. Silasi alikuwa ameshakaa, mdomo umemsogea mbele. Kulwa aliketi pembeni yake kama mtu aliyekaa juu ya yai.

"Chezeni," alisema Dorkas.

Walicheza. Hilda alisimama mlangoni, mikono kifuani. Dorkas hakuangalia mpira. Aliangalia pembeni mwa kioo. Kijani. Kulwa akafunga goli, akaomba radhi. Kijani. Silasi akakosa penalti. Njano. Feni ndani ya gauni zikaanza kulalamika, sauti nyembamba kama ya mbu aliyefungiwa chandaruani. Kulwa akafunga la pili. Nyekundu.

"Mama," alisema Dorkas kwa sauti ya kawaida, "hili gauni la kompyuta ni zuri sana. Ulilishona lini?"

Mama Matrida alifurahi. "Alipoileta tu. Mimi nilishtuka, mama. Kitu kiko wazi ubavuni, utumbo wote nje, nyaya, sijui mafeni, na mataa yanawaka humo kama baa. Nyie wa nyumbani mnaweza kuona, si neno. Lakini mgeni akae sebuleni kwangu anaangalia utumbo? Nikasema hapana, nitakisitiri."

"Na huwa unalivua lini?"

"Wageni wakiondoka. Nalifua na vyenzake. Na kama Silasi anataka kuifungua nalitoa haraka, lisije likapata mafuta ya mafundi."

"Na Butiama ulikwenda nalo?"

"Ningeachaje? Mchungaji alikuwa anakuja!"

Kioo kikawa cheusi.

"Mnaona!" Silasi aliruka. "Mmeona wenyewe! Amekaa tu hapa, na..."

"Kaa," alisema Dorkas, na ilikuwa ile sauti ambayo iliwahi kukalisha watu wagumu kuliko Silasi. "Kulwa, mikono magotini. Silasi, lete mkono wako."

Aliinua marinda ya gauni, akausukuma mkono wa Silasi ndani, juu ya kasha. Silasi aliutoa upesi kuliko ulivyoingia.

"Inaunguza!"

"Kasha hili linavuta hewa kwa mbele, linatoa moto kwa juu. Limefunikwa mbele, limefunikwa juu, na satini haipitishi hewa. Tumelivalisha sweta mchana wa Musoma, tukaliambia likimbie. Mara ya kwanza nilisafisha wadudu nikadhani nimemaliza, nao walikuwa wasaidizi tu. Na Jumatatu kidhibiti chenyewe kilinigonga usoni pale uani, nikainama nikakipisha, sajenti mzima." Alimgeukia Silasi. "Ulisema inazima akija Kulwa. Ulikuwa sahihi. Ila hukusema kwamba akija Kulwa, mama analivalisha."

"Hukuniuliza habari za vitambaa!"

"Ulikuwa unaliona hili gauni?"

Silasi alilitazama gauni kama vile limeota pale muda huo huo. "Mama anafunikaga kila kitu, Afande. Hata jagi. Mtu anaonaje?"

Hilda alikuwa amefunika mdomo kwa kanga. Lakini Mama Matrida alikuwa amekaa taratibu kwenye ukingo wa kochi, mikono imelegea mapajani, na furaha yote ya usoni ilikuwa imemtoka.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Nimemvunjia kijana wa watu jina lake. Kwa mikono yangu."

Dorkas, ambaye alikuwa amesoma hukumu nyingi kwenye nyuso za watu, alifungua mdomo amtetee, lakini Kulwa akamtangulia. Alikuwa ameinama, akishika marinda ya lile gauni kwa vidole viwili, akiangalia mishono.

"Mama, ulikuwa unalitoa hili kila nikija?"

"Kila ukija, baba."

"Na kulifua?"

"Na kulipiga pasi."

Kulwa alitabasamu mpaka sura yote ikabadilika. "Mimi nilikuwa naondoka hapa nasema labda kweli nina mkosi. Wiki hii nzima nimekuwa naomba Mungu anioneshe nimewakosea nini. Kumbe nilikuwa napokelewa kuliko mtu mwingine yeyote."

Mama Matrida alimtazama. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka mpaka sauti ilipotoka, na ilikuwa kicheko, na Hilda akajiunga, na Dorkas naye akatafuta leso.

Silasi ndiye aliyebaki bila pa kuweka macho. Alikohoa. Alijikuna shingo. Alitazama mkono wake uliounguzwa kana kwamba ndio umwambie la kusema.

"Kulwa," alisema hatimaye. "Jumamosi ile nilikosea. Nilisema mbele ya watu, na leo nasema mbele ya watu. Nisamehe. Kesho wazee wako wakija, watanikuta nimekaa."

"Yameisha, kaka."

"Yameisha, shemeji," alisema Silasi, na Hilda mlangoni akageuka ghafla kuelekea jikoni kama aliyekumbuka sufuria.

Mama Matrida aliinuka. Alilivua lile gauni kutoka kwenye kasha, akalikung'uta, akalikunja mara mbili, akatafuta kwa macho mahali pa kuliweka. Mwisho aliliweka kabatini. Kasha lilipopoa Silasi akaiwasha mashine, na taa zikaonekana tena nyuma ya kioo cha ubavuni, nyekundu, bluu, kijani, juu ya utumbo wote uliokuwa wazi. Dorkas alivua viatu vyake vya kisigino, akavibeba mkononi, akaenda zake jikoni alikozoea.

Kutoka huko alisikia mchezo ukianza upya. Alimsaidia Hilda kumenya ndizi, huku sikio moja likiwa sebuleni. Feni zilikuwa zikipuliza kwa raha. Goli la kwanza likaingia, na hakikusikika kicheko cha Silasi. Likaingia la pili. Likaingia la tatu.

"Mama!" Silasi aliita, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama. "Mama, lile gauni liko wapi? Lilete haraka! Mgeni bado yupo!"

Mama Matrida alikuwa ndiyo kwanza anaingia sebuleni na sahani ya karanga. Alisimama. Alitazama kochi hili, akatazama kochi lile, akamtazama Kulwa aliyekuwa amevua viatu bila kujua na kukunja miguu kitini.

"Mgeni yuko wapi humu?" alisema. "Cheza, mwanangu, upigwe."